Saa ya Babu na Usingizi Wako

Makokha,

Umetoka sasa hivi kwenda kwa kinyozi, na ukimaliza huko utapita kuwaaga wale vijana wa Shirere uliosoma nao. Nimekuona ukifunga geti, ukarudi kulisukuma kuhakikisha limefungika, ukatazama dirisha langu, ndipo ukaondoka. Hufanya hivyo kila siku. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Nilijua kwamba usiponiona utatembea polepole, ukigeuka geuka hadi kwenye kona. Kwa hiyo nikalisogeza pazia ili unione nimesimama wima, nimevaa, nimechana nywele. Ukainua mkono, ukaenda zako.

Kesho unaondoka Kakamega kwenda kusomea uuguzi, mbali, mahali ambapo hakuna mtu anayekujua. Mama wengine siku kama hii huwaandikia watoto wao maagizo: funga mlango, anika nguo, usiazimane sahani. Nilikaa hapa na kalamu nikitafuta jambo moja la nyumbani ambalo hulijui, sikulipata. Unajua kusonga obusuma wa watu wawili bila kupima unga. Unajua maji yakikatika ni jirani yupi huwa na akiba. Unajua kusimama mlangoni na kumwambia mgeni kwa adabu kwamba mama anaumwa kichwa, amelala, arudi siku nyingine. Hilo la mwisho ulilijua ukiwa na miaka saba. Watu hunipongeza kanisani. Husema nimekulea vizuri. Wewe na mimi tunajua ni nani aliyemlea mwenzake.

Basi nitakuandikia habari ya saa ya Babu.

Jumapili baada ya ibada uliivua mkononi mwako ukanifunga mimi. Ulikuwa umepiga magoti mbele ya kiti changu kama fundi wa viatu.

"Hii inabaki na wewe, Mama."

"Ni yako. Ulipewa na wazee."

"Ndiyo maana naweza kuiacha popote ninapotaka." Ukacheka. "Nitakuwa nikipiga simu asubuhi. Nitauliza tu, saa ya Babu inasema saa ngapi? Ukinitajia nitajua inatembea. Na kama inatembea nitajua umeamka, umetoka nje, mkono umefanya kazi."

"Na nikiangalia simu nikakudanganya?"

"Hiyo saa inakimbianga mbele kidogo. Nitakushika."

"Kwani mimi ni mfungwa wako?"

"Wewe ni mgonjwa wangu wa kwanza," ukasema, ukanipigapiga goti, ukaenda kutazama chakula jikoni.

Nilicheka. Ulinisikia nikicheka. Kisha nikaingia bafuni nikafungua bomba ili usisikie mengine.

Nataka nikusimulie habari ya saa hii tangu mwanzo, ingawa sehemu nyingine unazijua kuliko mimi. Nataka ujue kwamba nami nazikumbuka. Hatujawahi kuzizungumza, na kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikitumaini, kwa woga, kwamba ulizisahau.

Babu yako, baba yangu, aliinunua kwa Mhindi mmoja Eldoret alipokuwa mwalimu kijana, kabla sijazaliwa. Haina betri, na yeye hakuwahi kuitia ufunguo. Ndani yake kuna kipande cha chuma, kama nusu ya sarafu, kinachozunguka mkono unapotembea, na kuzunguka huko ndiko kunakokaza springi. Ukiivua na kuiweka chini inaendelea kwa muda, kisha inasimama. Hayo tuliyajua. Hatukujua muda huo ni mrefu kiasi gani, kwa sababu nyumbani kwetu Lumakanda haikuwahi kuachwa isimame.

Mzee alikuwa na masharti yake. Saa haiendi shambani. Saa haikaribii maji. Wakati wa kupalilia mahindi aliivua akampa Kukhu, mama yangu, naye akaifunga kwenye pindo la leso ili iendelee kutikisika akiwa anafagia au anakamua ng'ombe. Kukhu akiugua, nilipewa mimi. Nilienda nayo shuleni ndani ya soksi, nikiruka kamba nayo, nikiogopa. Utotoni nilidhani saa za watu wote hubebwa hivyo, kwa kupokezana, kama mtoto mchanga wakati wa mavuno. Ndiyo sababu kioo chake hakina mkwaruzo hadi leo. Nyumba nzima ilitembea ili chuma kile kisipumzike.

Alifariki asubuhi, nyumbani, kitandani mwake. Shangazi yangu alimfungua mkanda wa saa, akakisogeza kioo chini ya pua zake, tukangoja tuone kama kitaingia ukungu. Kilibaki kikavu. Shangazi akakifuta hata hivyo, kwa mazoea tu, akasema, "Amekwenda." Wewe ulikuwa na miaka sita. Ulikuwa umesimama mlangoni na kipande cha kiazi kitamu mkononi. Nilikuona. Nilijiambia kwamba mtoto haelewi, nikakuacha hapo.

Kisha Kukhu akakuita. "Mwiwa, njoo hapa."

Unajua sasa maana ya jina hilo kwetu. Mtoto wa binti ni wa ukoo mwingine, hana upande katika magomvi ya nyumba ya mamake, kwa hiyo kazi ambayo wana wa marehemu wangeigombania hupewa yeye. Ndugu zangu walikuwa wameanza kuitazama ile saa hata kabla mwili haujapelekwa mochari. Kukhu aliwaona. Akaipandisha saa hadi juu ya kiwiko chako, maana kifundo chako kilikuwa chembamba mno, akaifunga kwa kitambaa.

"Hii isisimame kabla hajaingia kaburini. Tembea nayo, mwiwa. Usikae."

Nawe hukukaa. Ulizunguka nyumba, ukazunguka ghala la mahindi, ukaenda hadi kisimani na kurudi. Waombolezaji walipofika walikuta mtoto anakimbia uani peke yake, mkono mmoja ameuinua kama bawa. Mjomba wako Wanjala, kaka yangu, alikuwa akikushangilia akiwa amekaa chini ya turubai. "Kanyaga mafuta, mwiwa! Ukifika Turbo unisalimie watu!" Wamama waliokuwa wakichambua mchele wakasema, "Huyu hachokangi?" Na mwingine akajibu, "Achoke aende wapi, si alipendanga babu yake." Wakacheka, wakatikisa vichwa, wakaendelea kuchambua.

Kila aliyeingia alishika mkono wako akauliza, "Saa iko sawa? Haijakwaruzwa?" Sikumbuki hata mmoja aliyekuuliza kama umekula. Nami nilikuwa mmoja wa walioshika mkono na kuuliza habari za saa.

Ulikataa kulala. Ukilazwa uliuzungusha mkono gizani hadi mtu akakukemea. Tulidhani ni mchezo. Siku moja kabla ya mazishi, mchana wa jua kali, wanaume wakiwa wanachimba kaburi, usingizi ulikushinda juu ya magunia. Uliponijia nilikuwa nikimmiminia mchungaji chai. Wanjala alikuwa ametoka kuniambia mbele ya watu kwamba binti anayekuja kumzika babake bila mume amekuja kuzika nusu, maana baba yako alikuwa na nyumba yake Khwisero na hakufika. Hilo halinipunguzii kosa. Nakutajia ili ujue tu kwamba birika lilikuwa zito wakati ule.

"Mama, saa imesimama. Mbona imesimama?"

"Kwa sababu umelala," nikasema. Nikaendelea kumimina.

Wanjala aliudaka mkono wako akautikisa kwa nguvu, mshale ukaanza tena kutembea. "Si hii hapa! Imefufuka!" Watu wakapiga makofi. Lakini wewe hukuitazama saa. Ulitazama chumba alichofia Babu, mlango ukiwa wazi, ukautazama muda mrefu, kama mtu anayengoja kuona ikiwa ufufuo huo utafika hadi kule.

Halafu siku ya kunyoa, ya kumaliza matanga. Wazee waliketi kugawa vitu vya marehemu, na kwa desturi mwiwa hutangulizwa kuchagua. Mzee mmoja akakuinamia. "Haya mwiwa, unataka nini cha babu yako? Koti? Baiskeli? Sema, leo wewe ndiye mkubwa." Kila mtu alijua utasema saa. Ulifungua kitambaa, ukaiweka saa mkekani mbele yao.

"Sitaki kitu. Ni mimi nilifanya asirudi."

Kisha Wanjala akasema, "Wacha, mwiwa! Hata ungeendesha trekta, huyo hangerudi!" na boma zima likaangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu msiba na tulikihitaji kama maji. Wengine walilia kwa kucheka. Wazee wakakurudishia saa kiganjani, wakakikunja kiganja chako juu yake, wakasema umeipata kwa jasho lako. Nami nilicheka, Makokha. Kama ningeruhusiwa kurudi nyuma na kufuta kitu kimoja, nisingeanza na yale maneno ya wakati wa chai. Ningefuta kicheko hicho. Maneno niliyasema nikiwa nimechoka. Kicheko nilikicheka nikiwa nimekutazama usoni.

Tukarudi Kakamega. Ukaja ule mwaka.

Nilikuwa nimesoma. Nilijua jina la ugonjwa wangu kwa Kiingereza, nilijua dalili zake, nilikuwa nimezijibu katika mtihani na kufaulu. Elimu hiyo haikuweza kunivua hata viatu. Nilirudi kutoka kazini nikalala navyo. Baadaye nikaacha kwenda kazini. Nikawa ninasikia ukirudi kutoka shule, ukivuta kigoda hadi kwenye jiko, ukiongea na sufuria kwa sauti ndogo ili ujipe moyo. Nilikusikia kama mtu aliye chini ya maji anavyosikia walio ufukoni. Kuna siku nilitamani nisiamke tena. Nakwambia wazi kwa sababu najua ulilihisi, na jambo linalohisiwa na mtoto bila kutajwa huwa kubwa kuliko lilivyo.

Jumamosi moja mchana nilishtuka kwa ubaridi kwenye mdomo wa juu. Ulikuwa umepiga magoti kando ya kitanda. Ulikuwa umeishika saa kwa mikono miwili, kioo chake chini ya pua yangu. Hukuwa unanitazama machoni. Ulikuwa unatazama kioo. Kilipoingia ukungu ukakifuta kwa shati lako, kwa utaratibu, vilevile shangazi alivyofanya, ukarudi kwenye kigoda chako mlangoni ukaanza kuutikisa mkono. Na mimi, badala ya kuamka nikakukumbatia, nilifumba macho nikajifanya ningali nimelala. Niliogopa kwamba nikiamka nitalazimika kukuuliza umefanya hivyo mara ngapi.

Ningependa kukwambia kwamba siku hiyohiyo niliinuka nikaenda kwa daktari. Wiki nyingi zilipita kwanza. Lakini nilipoenda, nilichomweleza daktari ni habari yako na kile kioo. Mengine yote sikuweza kuyasema.

Baada ya hapo nilipata nafuu, ukakua, saa ukaivaa kila siku, ukaitunza kwa masharti yale yale ya mzee: shambani hapana, majini hapana. Na usiku nilisikia miguu yako sakafuni. Nilijiambia kwamba vijana hawalali siku hizi, ni simu. Kisha ukaja na habari ya uuguzi. Nilikuuliza kama umefikiria zamu za usiku. "Hizo ndizo zitanifaa, Mama. Mimi silalangi sana, si unajua." Ulilisema kama mtu anayetaja urefu wake. Sikuweza kumaliza chakula. Ni kazi nzuri, na utaifanya vizuri, na sitaki uiache. Nataka tu uwe umeichagua mwenyewe. Nisingependa iwe imechaguliwa na mimi, siku ile, nikiwa na birika mkononi.

Sasa nifike kwa yule bwana mkusanyaji wa saa za zamani, aliyeiona picha uliyoiweka mtandaoni akasafiri hadi hapa mjini kutuona. Unakumbuka glavu zake nyeupe? "Anaishika kama yai la mwisho duniani," ulininong'oneza, nikapaliwa na chai. Aliifungua mgongo, akatazama ndani kwa kile kioo chake cha jichoni, akawa anaongea peke yake. Uso haujapakwa rangi upya. Kasha halijasuguliwa. Kioo ni kile kile ilichotoka nacho kiwandani. "Mmeitunza," akasema. "Sijaona nyingine iliyotunzwa hivi upande huu wote." Wewe ukatabasamu, ukakaa wima. Mimi nilikutazama macho yako, ule weusi ulio chini yake tangu utotoni, nikafikiri: kweli, saa tuliitunza.

Akatueleza habari ya sanduku lake, lile lenye mota linalozungusha saa mchana na usiku bila mkono wa mtu. Uliuliza maswali mengi.

"Na halichoki?"

"Mota haichoki, kijana."

"Na stima zikipotea?"

"Zinasimama. Zikirudi unazitikisa kidogo, unarekebisha majira, basi. Saa kusimama siyo ugonjwa."

Baadaye simu yako ikalia ukatoka nje. Ndipo nilipomuuliza, kama mtu anayeuliza jambo la kupitisha wakati: je, saa kama hii inaweza kusimama kwa sababu aliyeivaa amelala?

Alicheka. "Hapana, mama. Ikishajaa, inakaa zaidi ya siku nzima mezani bila kuguswa. Mtu kulala nayo hakuiumizi."

"Iliwahi kusimama. Miaka iliyopita. Mkononi mwa mtoto."

"Hayo yalikuwa mafuta. Angalia." Akanionyesha mahali, sikuona chochote. "Yalikauka humu ndani yakawa kama gundi. Miaka mingi bila kusafishwa. Ingesimama tu, hata mkononi mwa mtu anayekimbia."

Soma tena hilo, Makokha. Hata mkononi mwa mtu anayekimbia.

Uliporudi ulikuwa unatabasamu kwa sababu ya simu, ukasema saa haiuzwi, yeye akasema atamwomba fundi wake aisafishe na kuitia mafuta hata hivyo, huenda siku moja ukabadili nia. Mimi nilikuwa na maneno yake mdomoni. Nikayameza na chai. Nimekaa nayo tangu siku ile. Kila nikitaka kukwambia, nilitakiwa kwanza nikiri kwamba nakumbuka nilichokujibu, na kila mara nilikuta nina nguo za kukunja.

Jumapili jioni, ulipotoka kumwaga takataka, niliivua saa uliyonifunga. Niliiweka chini ya gazeti juu ya kabati, nikavaa sweta ya mikono mirefu usione. Nilitaka isimame. Nilitaka isimame mimi nikiwa macho na wewe ukiwa ndani ya nyumba hii hii. Leo Jumanne asubuhi, ulipokuwa chumbani unapanga begi, niliileta mezani nikakaa mbele yake. Mshale mwembamba ulianza kusita, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Ukasogea. Ukasita tena. Ukaacha.

Nilingoja. Mwanamke mwenye digrii, nimekaa jikoni kwangu, naingoja adhabu. Nilisikia unapiga mluzi. Nilisikia Mama Rehema ng'ambo ya ua akimfukuza kuku wake kwenye sukuma wiki. "Ondoka we, ingokho gani hii haina haya!" Hakukuwa na kingine. Niliifunika tena kwa gazeti, nikainuka nikabandika uji. Ulikuja ukanywa vikombe viwili, ukasema una sukari nyingi, ukarudi kwenye begi lako. Saa ya Babu ilikuwa imesimama karibu na kiwiko chako, chini ya gazeti, na wewe ulikuwa ukilamba kijiko.

Kuna mambo machache niliyobaki nayo.

Utakapokuwa wodini, mtu atakuuliza kwa nini mgonjwa wake amekufa. Usimjibu ukiwa umechoka. Mwambie unakuja, nenda ukanywe maji, rudi ndipo umjibu. Na kama anayeuliza ni mtoto, kaa chini kwanza, mlingane kimo.

Watu wakicheka jambo ulilolisema kwa uchungu, usicheke nao ili kuwaridhisha. Ulijifunza kufanya hivyo siku ile ya kunyoa. Nilikuona: baada ya kitambo ulitabasamu kidogo, kwa ajili yetu.

Kuhusu mimi, sitakupa ahadi ambayo siwezi kuilinda. Ule usingizi unaweza kunirudia. Nimeshamwambia Mama Rehema ukweli wote, alinisikiliza, akasema, "Sasa ulikuwa unangoja nini kuniambia, dada yangu?" na nimempa ufunguo wa geti. Nimerudi pia kwa yule daktari nami sikusubiri hadi nishindwe kuvaa viatu. Hao ni watu wazima na wamekubali. Wewe hukuwahi kuulizwa. Nakuondolea kazi hiyo leo, kwa mkono wangu, kama Kukhu alivyokufunga saa kwa mkono wake. Ukinipigia simu, niulize habari, nami nitakuuliza zako. Usiniulize saa ngapi. Sitakuwa na saa ya kukujibu.

Maana inaenda na wewe. Nimeikunja ndani ya soksi yako ya kijivu, chini kabisa ya begi, na barua hii nitaiweka papo hapo. Ukitaka kumuuzia yule bwana, muuzie, na usinitafutie ruhusa. Ukitaka kuivaa, ivae shambani, ivae mvuani, igonge kwenye vitanda vya chuma huko wodini. Ikikwaruzwa nitafurahi. Nitajua kwamba safari hii kilichokuwa kikitunzwa ni kingine.

Utaikuta imesimama. Najua mkono wako. Utataka kuitikisa kabla hujafika mwisho wa mstari huu. Usiitikise. Iweke mezani jinsi ilivyo. Nje kutakuwa na watu wengine walio macho, watakaofunga mageti na kusikiliza kama wagonjwa wanapumua, na hata mmoja wao hatakuwa wewe. Vua viatu. Zima taa.

Geti limelia. Umerudi, unalisukuma kuona kama limefungika. Nafunga barua kabla hujaingia na kichwa chako kipya.

Asubuhi ukiamka, ivae ukitaka, itaanza yenyewe. Lakini kwanza lala, mwanangu. Lala hadi uchoke kulala.

Mama yako